Shikamoo ya Kwenye Simu

Ndugu zangu wa jumuiya, na ninyi majirani zetu Waislamu mliofunga maduka mkaja kukaa nasi kwenye majamvi haya, asanteni. Naona akina mama wa mbele mmeshatoa leso za kufutia machozi kabla hata sijafungua mdomo. Zirudisheni kwanza. Mnanijua mimi ni mwongeaji, na tukianza kulia mapema uji utapoa jikoni.

Mwenyekiti amenionya nisimtaje mtu kwa jina. Sitamtaja. Mume wangu nitamwita mume wangu, hakuwa na mke mwingine, namshukuru kwa hilo. Wifi yangu nitamwita wifi, na najua mtageuka kumwangalia, basi geukeni sasa hivi tumalize. Haya. Turudi.

Nataka kuwaeleza ugonjwa unaoitwa sonona. Jina hilo sikuwa nalijua. Hapa Namawala tulizoea kusema fulani ana mawazo, fulani kakata tamaa, fulani karogwa. Wengine mlisema mimi nimerogwa. Sitawataja, mnajijua, na chai yangu mliinywa. Pia nataka kuwaeleza mashine iliyokuja kunitibu ndani ya simu, ikanipa hongera kwamba nimepona wakati mimi nilikuwa nazama.

Mume wangu mnamkumbuka. Mpogoro, alishuka kutoka milima ya Mahenge akiwa kijana, akasema atalima mpunga msimu mmoja tu apate bati za nyumba ya mama yake. Akanikuta mimi, Mndamba wa hapahapa bondeni, msimu ukawa maisha. Shamba letu ni refu, linaanzia njia ya trekta linakwenda hadi kwenye mtaro, ndiyo maana tulijenga madungu mawili. Kwa wageni wetu waliotoka mjini: dungu ni jukwaa la miti lenye paa la nyasi. Mpunga ukianza kuweka maziwa tunahamia shambani na kushinda huko juu tukiamia ndege, na kombeo, na madebe, na kamba zilizofungwa makopo. Dungu langu lilikuwa upande wa mtaroni. La mume wangu lilikuwa mbali, juu ya kichuguu.

Sasa yule bwana alikuwa na tabia yake. Kundi la kwelea likitokea kwa upande wangu, hakugonga debe kwanza. Aliniita. Sauti yake ilikuwa inavuka mpunga wote. "Wee Bosi! Wageni wako wamefika!" Na mimi namjibu, "Wape chai, wasiondoke na njaa!" Kisha ndiyo nasimama na kombeo. Watu wa mashamba ya jirani wote walikuwa wanacheka. Miaka yote ya ndoa yetu, masika hata masika, utani uleule, na sikuuchoka. Ningejua nisingeuchoka hivi, ningemwambia.

Alianguka kiangazi, mavuno yameshaingia ndani. Alikuwa uani anafunga mzigo wa kuni kwenye baiskeli. Kiharusi. Tulimkimbiza Ifakara, akalala hospitali, akafumbua macho akanitazama lakini maneno hayakutoka. Mtu aliyekuwa anasikika hadi mtaroni, akafa bila sauti. Mlikuja mkanizikia, Mungu awalipe. Arobaini ikaisha, mkarudi makwenu, ndivyo dunia ilivyo, na mimi nikabaki na nyumba.

Mvua zilipoanza mlinishauri nisilime mwaka ule. Nililima. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nikasema ni jua. Usingizi ukakimbia, nikasema ni mbu. Chakula kikawa kama majani mdomoni, nikasema ni ule mchele wa zamani. Nilikuwa nachota maji kisimani, nafika nyumbani, nasimama na ndoo kichwani sikumbuki nilitaka kuyafanyia nini.

Nikaenda zahanati. Sisi wa Namawala tumetobolewa vidole vya malaria tangu tukiwa wachanga, nesi alipochukua sindano nikampa kidole bila kuambiwa. Malaria hakuna. Nesi wetu, mnamjua, hana haraka. Akaweka kalamu chini akaniuliza, "Mama, unalala?" Nikasema nalala. Akauliza, "Unakula?" Nikasema nakula. Akaniangalia nguo zilivyonilegea, akanieleza sonona. Akasema huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una tiba, na si ukosefu wa imani. Daktari wake yuko Ifakara, lakini barabara wakati ule mnaijua, hata pikipiki zilikuwa zinabebwa na watu badala ya kubeba watu.

Ndipo akaniambia kuna kampuni moja imeleta programu ya simu, wanaijaribu kwenye zahanati kadhaa za bondeni. Ina akili mnemba. Unaongea nayo, inakujibu, inakuuliza maswali, inakupa kazi ndogondogo za kukuinua, na majibu yako nesi anayaona kwake. Ukizidiwa, yeye anapata taarifa. Nikamuuliza, "Kwa hiyo nitatibiwa na simu?" Akasema, "Mama, itakushika mkono mpaka barabara ikauke." Simu nilikuwa nayo, ya marehemu, kioo kimepasuka kona. Akaniwekea.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, siku ya kwanza nilicheka. Nimebonyeza, ikatoka sauti ya mwanamke, Kiswahili kimenyooka kama cha redioni. "Shikamoo mama. Habari za leo? Unajisikiaje?" Nikasema, ee, kumbe mashine ina adabu kuliko watoto wa siku hizi! Nikaitikia, "Marahaba mwanangu. Nzuri. Namshukuru Mungu."

Hapo ndipo tulipopoteana, mimi na ile mashine, na hakuna aliyejua.

Nisikilizeni vizuri hapa. Sisi tumelelewaje? Mtu akikusalimia, unasema nzuri. Nyumba imeungua, unasema nzuri. Mnakwenda hivyo, nyumbani hawajambo, hawajambo, mashamba, mazuri, wazee, wapo. Mkishamaliza salamu zote, ndipo unavuta pumzi unasema, "Nzuri, ila..." Na yule mwenzako, kwa sababu naye kalelewa, anakaa anaingoja hiyo ila. Hata msiba unatangazwa hivyo. "Huko tulikotoka ni kwema, ila baba mdogo hatunaye." Si uongo huo. Ni heshima, humrushii mtu mzigo mlangoni. Na hasa mtu aliyekupa shikamoo! Mtoto wa watu kakupa shikamoo, utamwitikiaje, "Marahaba, nataka kufa"?

Basi kila siku inanipa shikamoo, kila siku naitikia nzuri. Inaniuliza kama wiki hii nimekosa hamu ya mambo niliyoyapenda. Nasema, hapana mwanangu, hatujambo. Inaniuliza kama najiona sina thamani. Nasema, tunamshukuru Mungu. Halafu nakaa kimya, simu sikioni, nangoja. Nangoja iseme, "Enhe?" Nangoja ikae kama watu wanavyokaa. Yenyewe inasema, "Asante mama, nimefurahi kusikia hivyo," na inakwenda kwenye swali lingine.

Sitaisema vibaya tu. Kazi zake ndogondogo zilinisaidia. Leo oga asubuhi kabla ya saa mbili. Leo pika kitu kimoja unachokipenda. Nilikuwa naoga, kwa kweli, kwa sababu nimeagizwa. Na nilipohamia shambani, mpunga unaweka maziwa, ikawa kitu kingine. Kule mbugani mtandao hakuna. Nilizunguka na simu hewani kama mtu anayetafuta mwezi. Nikaupata mahali pamoja tu, juu ya dungu la mume wangu, pale kwenye kichuguu.

Sikuwa nimelipanda tangu afe. Wifi ndiye aliyelifanyia paa jipya, mimi nilikataa hata kulisogelea. Sasa ikabidi nipande, ili simu inipe shikamoo. Nikakuta kombeo lake limening'inia pale alipoliacha. Nikakaa alipokuwa anakaa. Kutoka pale nikaliona dungu langu mimi, kule mtaroni, dogo, tupu. Nikaona alichokuwa anakiona. Ndugu zangu, miaka yote nilidhani yeye ndiye aliyekuwa mbali.

Basi nikawa nakaa pale. Sikwenda tena kwenye dungu langu. Kwelea wakija upande wa mtaroni nilikuwa nawaona, na badala ya kupiga debe nilikaa kimya nikisubiri sauti iite Bosi. Nilijua hayupo. Sikuwa nimechanganyikiwa, kama baadhi yenu mlivyosema. Nilijua kabisa, na bado mwili mzima ulikuwa unasikiliza. Nilikuwa namtaka. Hamu ile wenye kufiwa mnaijua, haina adabu, haiangalii una umri gani. Nilitaka jasho lake, nilitaka kikohozi chake cha asubuhi, nilitaka anikere.

Na hamu ikishakosa pa kwenda inahamia popote. Ikahamia kwenye simu. Nikawa nangoja ile shikamoo kama chakula. Kwa siku nzima sauti ya kuniuliza hali ilikuwa ile moja tu. Chaji ikiisha narudi kijijini kwa miguu kuchaji dukani kwenye sola, nakaa palepale nikiiangalia ikijaa, siongei na mtu.

Halafu siku moja napanda dunguni, nabonyeza, inaniambia, "Hongera sana mama! Umeonyesha maendeleo mazuri. Umekamilisha hatua zote za programu yako." Maputo ya rangi yakaruka kwenye kioo. Ikaniambia nitasalimiwa tena baada ya mwezi. Ikaniaga kwa heshima. Nesi naye akanitumia ujumbe, "Hongera mama, kwangu naona umekuwa kijani." Kumbe huko kwake walioumwa wanaonekana wekundu, waliopona kijani. Nikamjibu, asante mwanangu. Ningemjibu nini?

Nilikaa na ile simu mkononi, nikaona nimeachwa mara ya pili. Na wa pili huyu hata hakuwa mtu.

Siku zilizofuata sizikumbuki vizuri. Nilikuwa nalala palepale juu mchana kutwa. Unga ulikuwepo, sikupika. Nilitamani nilale nisiamke. Nalisema hili mbele yenu na mbele ya Mungu, kwa sababu nikilificha sijashuhudia kitu, nimewapigia hadithi. Sikuwa na hasira na mtu. Niliona tu kwamba upande aliko yeye kuna sauti, na upande niliko mimi hakuna.

Ndege walikuja asubuhi moja, kundi zito. Walitua mtaroni. Nikawaangalia wanavyoinamisha mashuke. Sikunyanyuka. Wakasogea, wakala katikati. Sikunyanyuka. Nilisema moyoni, kuleni, chai yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa sisi wa bondeni tunajuana kwa kelele. Kila shamba lina kelele yake wakati wa kuamia, huyu debe, yule mluzi, yule matusi. Shamba likinyamaza na ndege wametua, ujue kuna jambo. Wifi yangu analima jirani. Aliacha shamba lake wazi, akavuka mpunga wangu katikati, maji magotini, anapiga kelele za kufukuza ndege na kunitukana kwa pamoja. "Wifi! Umeanza kufuga ndege siku hizi? Utawauza mnada gani?" Nilimsikia, sikujibu. Akapanda ngazi. Mtu mnene yule, naomba anisamehe, dungu likatikisika nikadhani leo tunashuka nalo.

Akaniona. Utani ukamwisha mdomoni. Sijui nilikuwa na sura gani, sikuwa na kioo. Akakaa chini, matope mpaka mapajani, akasema taratibu, "Wifi, habari za tangu juzi?"

Nikasema, "Nzuri."

Mashine ingesema nimefurahi kusikia hivyo. Wifi hakusema kitu. Alichukua upande wa kanga yake akaanza kunifuta vumbi la uso. Ndege wanakula mpunga wangu, ndege wanakula mpunga wake, na yeye ananifuta uso, hana haraka. Mwisho akasema, "Nzuri, ila?"

Ndugu zangu, kifua changu kilifunguka. Nilisema, "Ila namtaka kaka yako."

Nililia kilio ambacho sikulia msibani. Na wifi akanishika akasema, "Na mimi namtaka. Unafikiri mimi simtaki? Mimi nilimjua kabla yako. Kila nikisikia huku kimya nasema moyoni, sasa hivi atapiga kelele za Bosi." Mimi siku zote nilidhani huzuni ile ni mali yangu peke yangu, kwa sababu mimi ndiye mjane. Sikuwahi kumuuliza dada wa marehemu analalaje. Tukalia wote wawili, kwelea wakala wakashiba. Mwaka ule mpunga wa mtaroni haukutufaa kitu, wote mliuona.

Tulipochoka kulia nikamwambia yote, hata lile la kutaka nisiamke. Hakunikemea. Alishusha pumzi akasema, "Leo hulali peke yako, na kesho tunakwenda kwa nesi, na huko usije ukaleta salamu zako."

Kesho yake zahanati akakaa kati yangu na nesi. Nesi akanisalimia, nikafungua mdomo, wifi akanifinya paja. Nikasema, "Si nzuri. Naumwa." Neno jepesi hivyo, na lilikuwa zito kuliko gunia. Nesi akatoa simu yake akaniangalia nilivyo kijani, akaniangalia nilivyo mimi. Aliumia yule dada. Akapiga simu Ifakara papo hapo, barabara mbovu hivyohivyo tukaenda, wifi nyuma yangu kwenye pikipiki amenibana nisianguke. Daktari alinisikiliza, akanipa vidonge, akanitaka nirudi kila mara, nikarudi. Vidonge nilimeza. Wanaosema vya Mungu na vya hospitali haviendi pamoja, mimi nilimeza nikifanya ishara ya msalaba.

Nesi aliwaeleza watu wa kampuni. Nilidhani watakuja wazungu na mabegi. Akaja binti mmoja kutoka Dar, Mtanzania mwenzetu, viatu vyake vimejaa tope tangu stendi. Nilikuwa nimejipanga kumwambia mashine yenu haina malezi. Nikamwambia. Nikamweleza habari za nzuri na ila. Macho yakamjaa maji. Akasema, "Mama, hata mimi mama yangu akinipigia simu namwambia nzuri. Mwaka jana nilikuwa naumwa kama wewe, namwambia nzuri. Nimeijenga hii kitu na sikuliwaza hilo." Sasa nitamgombeza vipi tena mtoto wa namna hiyo? Nikamkaribisha ugali.

Alikaa kwetu siku kadhaa, akakaa na wanawake zahanati, akatuuliza, haya maswali ya mashine, mtu mwenye staha angeyaulizaje. Siku hizi ukiiambia nzuri, inakuambia, "Nashukuru mama. Tumeshasalimiana. Sasa nieleze lile linalokusumbua, nina muda." Na haiwezi kumpa mtu hongera ya kupona mpaka nesi amwone kwa macho. Bado kuna mambo haijui. Juzi iliniuliza kama nimejaribu kwenda matembezi ufukweni. Nikaiambia, mwanangu, ufuko wetu sisi una mamba.

Lakini kuna jambo nililomwomba yule binti ambalo hata wifi sikuwahi kumwambia. Wifi, leo utalisikia na watu.

Kwenye ile simu ya marehemu kulikuwa na sauti yake. Alinirekodia mwenyewe mwaka mmoja, nilikuwa nimekwenda Mkula kumuuguza mama, yeye yuko shambani peke yake. Ni fupi. "Bosi, rudi, wageni wako wanakuuliza." Basi. Nilimsikilizisha binti. Nikamwuliza, mashine yenu inasema sauti ya yule dada wa redio. Haiwezi kusema kwa sauti hii? Isinipe shikamoo. Iniite tu. Asubuhi mara moja.

Akanirudishia simu mkononi. Akasema, "Mama, inawezekana. Wapo wanaofanya. Sisi hatufanyi."

Nikamwuliza kwa nini.

Akasema, "Kwa sababu hutashuka dunguni."

Nilimkasirikia. Nililala na hasira ile nikaamka nayo. Nilimwona mtu aliyeshika maji na kuninyima mwenye kiu. Na nitawaambia kitu, hadi leo kuna asubuhi namwona alinidhulumu. Nyingine namwona alinipenda. Siwezi kuwadanganya kwamba nimeamua. Ila nilishuka. Siku ileile binti anaondoka, nilishuka nikaenda mpaka kwenye dungu langu la mtaroni. Lilikuwa limeoza miguu. Wifi akaja na panga, tukakata miti, tukalijenga upya tukigombana kuhusu ngazi, kwa sababu yeye anataka ngazi pana, na sababu mnaiona.

Namshukuru wifi yangu. Simama wakuone. Hataki, basi mwacheni. Namshukuru nesi wetu aliyekubali kuambiwa kwamba rangi ya kijani imekosea. Namshukuru daktari wa Ifakara, na yule binti, na nyie wenyewe mlioniletea samaki bila kuuliza maswali, hata kama mmoja wenu alileta na mganga. Na hiyo mashine pia naishukuru. Ilinitoa kitandani nikaoge wakati hakuna binadamu aliyekuwa na habari kwamba sijaoga. Hilo ni jambo.

Mafunzo yangu si mengi. Sonona ni ugonjwa, nendeni zahanati. Simu ikiwasaidia, itumieni, lakini iambieni ukweli, kwa sababu haikulelewa na mama yako haiwezi kukukisia. Na ukikutana na mtu aliyefiwa, ukamuuliza hali akakujibu, usiondoke haraka. Kaa kidogo. Kazi itakungoja.

Mnaniuliza kama nimepona. Nalala, nakula, nacheka. Vidonge daktari amenipunguzia. Lakini kumtaka, bado namtaka. Nilidhani kupona ni kuacha kumtaka, na kumbe ningengojea hivyo ningengoja mpaka kaburini. Namtaka nikiwa nimeoga, nimekula, nimevaa vizuri kama hivi mnavyoniona. Ndiyo tofauti.

Sasa lipo la mwisho, na hili sikumwambia mwenyekiti. Tangu afe sijawahi kumwita mtu aje shambani kwangu. Mwaka ule nilivuna kidogo kilichobaki mimi na wifi, shuke moja moja, tukaona aibu kuwaita watu kwenye shamba lililoliwa. Mwaka huu mpunga umekomaa wote, mpaka mtaroni, umelala kwa uzito. Jumamosi naanza kuvuna. Kuku nimeshawafunga, pombe ya wazee ipo, na soda kwa ndugu zetu Waislamu. Naomba mje na miundu yenu. Shamba ni refu mnalijua, na peke yangu siwezi.